Kafi la kayaki la vipande viwili: bapa nimelipenda, kiungio kimeniangusha

Nimelitumia hili kafi miezi minne kwenye kriki ya Kilifi, karibu kila wikendi, kwa hivo nasema nilichokiona mwenyewe. Nilinunua duka moja la vifaa vya bahari Mombasa, mpini wa alumini, mabapa ya plastiki ngumu, likiunganishwa ni sentimita 230. Mi ni mrefu na kayaki yangu ni ile pana ya kukaa juu kwa hivo kipimo kinanifaa, ila mke wangu akilishika dakika ishirini tu mabega yanamuuma, yeye angefaa 220.

Mabapa ni mazuri kwa kweli. Yamebonyea kidogo kama kijiko, na ule upande uliobonyea ndo unaovuta maji kwa hivo lazima ukuangalie wewe, nimeona watu wengi wanashika mgongo wa bapa ukiwaangalia wao afu wanachoka bure. Na ukitazama vizuri bapa halina pande sawa, ukingo mmoja mrefu mmoja mfupi, mrefu unakaa juu mfupi chini, manake kafi huingia majini kwa mshazari na hilo umbo ndo linafanya maji yasukume pande zote sawa, ukikosea utasikia mpini unataka kujizungusha mkononi.

Sasa kiungio. Pale katikati kuna kidude cha springi kinachochomoza kwenye tundu, na matundu yako matatu, la kati mabapa yanakaa sambamba, ya pembeni yanayapinda digrii 60 kulia au kushoto. Kupinda ni kwa ajili ya upepo, kusi ikinipiga usoni nikielekea mdomo wa kriki, bapa lililo juu linapita kwa ukingo badala ya upande wake mpana, na tofauti unaisikia begani kabisa. Lakini wiki ya sita kiungio kikaanza kucheza, kila nikivuta nasikia tik, tik, na nguvu inapotelea pale. Siku nyingine nililiacha limeungana usiku kucha na chumvi yake, asubuhi limekwama, tukashika watu wawili kila mtu na upande wake tukasokota mpaka viganja vikawaka.

Mzee mmoja mvuvi pale karibu na daraja alilichukua akalitikisa sikioni, akanambia mwanangu huu ni mchanga, kila ukitoka litenganishe, osha kwa maji ya mfereji, lianike vipande mbalimbali, na usipake grisi maana mchanga utanata. Tangu hapo halijakwama tena, ingawa kucheza bado kunacheza, alumini imeshalika.

Zile ringi za mpira karibu na mabapa, za kuzuia maji yasitiririke mpaka mapajani, zinateleza ovyo. Nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli nyuma ya kila moja na zimetulia. Usizisogeze sana kwenye bapa, zikizama zinachota maji zikuletee mwenyewe.

Nalipa nyota tatu. Ukienda kununua waambie waliunganishe mbele yako, shika bapa kila mkono usokote taratibu, ukisikia linacheza hata kidogo likiwa jipya mwachie mwenyewe.