TAHADHARI: Mashine ya kuvuta moshi "isiyotaka bomba", Kariakoo. Nimelizwa!

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka. Shilingi 380,000! Na mimi ndiye huwa nawasema wenzangu kwa kununua vitu bila kukagua.

Jirani wa juu kila siku ananilalamikia harufu ya samaki vibua ninavyokaanga. Mwenye nyumba kakataa ukuta utobolewe, kwa hiyo nilitaka ile mashine inayovuta moshi, inauchuja, halafu inarudisha hewa humohumo jikoni.

Kijana aliyeniuzia mtanashati, kanzu nyeupe, ndiyo kwanza anatoka kuswali. Akanivutia kiti. "Mama yangu, una bomba la kutolea nje?" Nikasema sina. "Basi hii ndiyo yako." Nani angeshuku mtu anayeuliza swali la kifundi namna ile? Akaiwasha, akatoa tishu mfukoni, akaipeleka taratibu kwenye wavu. Ikanasa pyuu! Akaachia mkono, tishu haianguki. Akanipa na mimi nijaribu. Mtu mzima na akili zangu nikacheka kama mtoto, nikatoa simu nikalipa. Namba ilikuwa ya jina la mtu, si la duka. Niliiona. Nikajiambia labda ni kaka yake.

Siku ya kwanza nakaanga, harufu ikatapakaa mpaka chumbani, mafuta yakaganda juu ya kabati. Nikavumilia wiki mbili nikidhani haijazoea (msinicheke). Fundi umeme alipofungua ndipo nikaishiwa nguvu: tundu la bomba lipo juu, limezibwa kwa gundi na kifuniko cha plastiki. Kumbe ni mashine ya bomba! Pale panapokaa chujio la mkaa la kuzuia harufu, kabandika sponji nyeusi. Tuliposuuza, maji yakatoka meusi, sponji ikabaki ya kijivu.

Simu kanifungia. Nikarudi, mwenye duka ananiambia yule alikuwa "anajishikiza tu barazani". Risiti yangu ina muhuri mzuri sana, ila si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Huyu afungwe! Atembezwe Msimbazi nzima na mashine shingoni! Nimeshafika polisi, Tume ya Ushindani naenda kesho, na picha yake ninayo.

Mnaotaka kununua: tishu haithibitishi chochote, hata feni inanasa tishu. Wavu wa chuma unazuia mafuta tu, ndio wa kuosha kwa maji moto na sabuni kila mwezi. Harufu inazuiwa na mkaa, ambao kwa mashine nyingi hauoshwi, unabadilishwa kila baada ya miezi michache. Mwambie muuzaji afungue uuone, na kama hauzi wa akiba, ondoka. Chujio la yangu yule kijana aliniambia "ni la maisha, unaosha tu". Hapo hapo ningeamka! Na hata ile ya kweli haitoi joto wala mvuke, dirisha utafungua tu. Hili fundi kaniambia baada ya pesa kwenda.

Mwenye kumjua anitumie ujumbe. Nikimpata, kabla polisi hawajafika, nitamkaangia vibua kilo mbili ndani, madirisha yamefungwa, mashine yake imewashwa.