Kujifunza kinga ya mwili kwa visa vya magonjwa adimu: uzoefu wangu Mbeya

Sisi wa wodi za watoto Nyanda za Juu Kusini tuna utaratibu wetu. Mtoto akirudi na nimonia tunapima VVU, tunatafuta kifua kikuu, tunaangalia lishe. Ni sahihi, maana Njombe, Iringa na Mbeya zimo kwenye mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini. Lakini majibu yote yakiwa hasi na mtoto bado anarudi, mara nyingi kinachobadilika ni antibiotiki tu. Ndiyo maana nikajiunga na kozi ya mtandaoni ya magonjwa adimu ya kinga ya mwili.

Kila somo ni mgonjwa mmoja, na huendelei mpaka uandike unachofikiri. Kisa kilichonishika ni cha mtoto wa kiume aliyekuwa mzima mpaka miezi sita hivi, kisha nimonia zikafuatana, masikio yakawa yanatoa usaha. Ukimwangalia kooni, tonsili ni kama hazipo. Kwa nini miezi sita? Mpaka hapo alikuwa akiishi kwa kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo. Zilipokwisha, za kwake hazikuwepo. Jeni iitwayo BTK ina hitilafu, hivyo seli B, zinazotengeneza kingamwili, hazikomai. Ogden Bruton wa Marekani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1952. Jeni ilijulikana 1993. Kwa kuwa hitilafu hupita upande wa mama, siku hizi namuuliza mama kama ana kaka waliofariki wachanga. Swali hilo halina gharama yoyote!

FBP, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu, nayo naisoma kwa jicho jingine. Kichanga mwenye limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) chini ya 2,500 kwa maikrolita simwachi apite, kwa sababu asipokuwa na seli T, ambazo ni sehemu ya limfosaiti hizo, hata BCG, chanjo ya kifua kikuu tuliyomchoma bega la kulia, inaweza kumsambaa mwilini.

Kasoro ipo, na inaniuma: kwenye matibabu kozi inaenda moja kwa moja kwenye kupandikiza uboho, au imunoglobulini (kingamwili za kuongezewa) ya mshipani kila wiki 3 hadi 4, maisha yote. Familia ya mkulima wa Rungwe itaanzia wapi? Hakuna kisa hata kimoja kinachojibu hilo, nami nimewaandikia walimu wa kozi waongeze.

Intern (daktari aliye mafunzoni) anayeingia wodi ya watoto aanze na visa vya kingamwili. Vya komplimenti, yaani protini za damu zinazosaidia kinga, vinaweza kusubiri.