Kozi iliyokosekana kwenye DD 214 yangu: uzoefu wangu na ofisi ya kuwasaidia maveterani

Naandika nikiwa bado na hasira, ijapokuwa karatasi niliyokuwa nikiitafuta imekwisha kunifikia na huduma yenyewe sikuilipia hata senti moja. Ofisi ninayoizungumzia ni ile ya kaunti tunayoishi hapa Marekani, ambayo kazi yake ni kuwasaidia maveterani kujaza fomu na kufuatilia haki zao. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu wanaofanya kazi humo ni wachache mno, na aliyenikosea ni mmoja tu.

Wenzangu mliotumikia jeshi la nchi hii mnajua kwamba askari anapoondoka hupewa hati ya DD 214, na hati hiyo ndiyo humsemea kwa mwajiri, chuoni, kwenye mkopo wa nyumba, na hata siku ya mazishi yake, familia inapoomba heshima za kijeshi. Kisanduku cha 14 huorodhesha mafunzo: jina la kozi, urefu wake kwa wiki, na wakati ilipomalizika. Changu kilikuwa na mafunzo ya udereva wa malori niliyoyapata Fort Leonard Wood, Missouri, lakini kozi ya wiki mbili ya kusafirisha shehena za hatari, niliyoifanya baadaye nikiwa kikosini na kufaulu, haikuwemo. Cheti chake ninacho. Zaidi ya hayo, kozi hiyo hiyo imo kwenye orodha ya mafunzo ambayo askari hutolewa ili aipeleke chuoni, kwa hiyo jeshi lilikuwa linaikiri kwenye karatasi moja na kuikana kwenye nyingine. Pengo hilo lilianza kuniuma pale kampuni moja ya malori ilipotangaza nafasi ya msimamizi wa shehena za aina hiyo, ikataka mafunzo yaonekane kwenye DD 214 na si kwenye cheti peke yake.

Karani aliyenipokea alikuwa bwana wa makamo, mwenye beji ya kikosi chake cha zamani kifuani. Nilimsalimia, nikamwekea hati mezani, nikaanza kumweleza shida yangu. Sikufika mbali. Aliinua kichwa akaniuliza, “Kwani wewe ulikuwa askari wa nchi gani?”

Hati ilikuwa chini ya kiganja chake wakati anauliza. Kisanduku cha 1 kina jina langu, na cha 2, kinachofuata papo hapo, kinataja jeshi nililolitumikia. Mtu hahitaji hata kugeuza ukurasa. Nilimjibu kwa adabu kwamba nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Akacheka kidogo na kusema kuwa lafudhi yangu ndiyo iliyomchanganya, kana kwamba hayo ni maelezo ya kutosha, na kana kwamba macho nayo husikia lafudhi.

Kwa faida ya wasiojua, niliandikishwa kupitia mpango wa MAVNI, ambao hadi 2016 ulikuwa ukiwachukua wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Maana yake ni kwamba lafudhi iliyomchanganya bwana huyu ndiyo hasa iliyonifungulia lango la jeshi. Sikumwambia hayo siku ile, na mpaka leo najilaumu kwa ukimya huo kuliko ninavyomlaumu yeye. La, nafuta hilo. Ninamlaumu yeye zaidi.

Kisha, bila kukifungua cheti changu, akaniasa nisiwe na matumaini makubwa kwa kuwa kumbukumbu nyingi ziliteketea kwa moto St. Louis. Moto huo ni wa kweli. Ulizuka Julai 12, 1973 katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi na kuunguza majalada kati ya milioni 16 na 18. Hata hivyo, majalada ya Jeshi la Nchi Kavu yaliyoungua ni ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960, na mwaka wa moto huo marehemu baba yangu alikuwa bado yuko shule ya msingi kwetu Kenya. Nilipomwonyesha tarehe zangu, hakuomba radhi. Aligeukia kanuni nyingine, kwamba mafunzo ya mapigano hayaandikwi kwenye kisanduku cha 14. Hilo nalo ni sahihi, kwani kisanduku hicho kimekusudiwa kumsaidia askari kupata kazi uraiani, lakini kupakia mapipa ya kemikali na kuyafunga ili yasimwagike barabarani ni mapigano dhidi ya nani?

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba, na ningependa isiyumbe. Bwana yule yule, baada ya kunivunjia heshima kwa kiwango hicho, alivuta karatasi na kuniandikia maelekezo bora kuliko yote niliyowahi kupewa kuhusu jambo hili. Aliandika kwamba nisiseme tu “rekodi yangu ina kasoro”, bali nitaje namba ya kisanduku na maneno kamili ninayotaka yaongezwe. Niambatanishe nakala za cheti na ya orodha ile ya vyuo, na vyeti halisi vibaki nyumbani. Na kwa kuwa kosa langu ni la wazi na lina ushahidi, nianze kwa ofisi ya kumbukumbu ya jeshi lenyewe badala ya kukimbilia bodi ya marekebisho. Bodi ni ya watu waliokwisha kukataliwa au wenye mambo mazito zaidi. Huombwa kwa fomu DD 149 ndani ya miaka 3 tangu kosa ligunduliwe, ingawa yenyewe ina mamlaka ya kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, na sheria inazitaka bodi za namna hiyo ziamue asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10. Kwa mwenye kutafuta kazi, miezi 10 ni mingi. Ushauri wake uliniepusha na njia hiyo, na ningekuwa mtu wa haki kamili ningempa nyota nne hapo hapo.

Nilifuata kila alichoandika. Baada ya miezi kadhaa, DD 215, yaani hati ya kusahihisha DD 214, ilifika kwa posta ikiwa na kozi yangu, wiki mbili, bila herufi kukosewa. Hati hiyo haichukui nafasi ya DD 214 bali huambatana nayo, kwa hiyo sasa popote ninapokwenda nabeba mbili. Nafasi ile ya kazi ilikuwa imekwisha kupata mtu, lakini hilo siwezi kuliweka shingoni mwa ofisi ya kaunti.

Nilirudi kuwapelekea nakala kwa ajili ya jalada langu, na moyoni nilikuwa nimeazimia kumshukuru. Bwana akaipokea, akaitazama, akanitazama, kisha akaniuliza kama mhusika ni mimi mwenyewe au nimetumwa na mtu. Shukrani zangu nilizirudisha nyumbani.

Nyota zile nne zimekuwa mbili, na nazitoa kwa ajili ya kile kipande cha karatasi. Mwenye pengo kwenye hati yake asiache kwenda, maana kazi wanaijua na hawatozi chochote. Aombe kuhudumiwa na dada wa dirisha la pili, ambaye huisoma hati kabla ya kumtazama mwenye hati. Akikosekana, aende kwa bwana yule, amwekee kalamu mbele, na asiseme neno mpaka amalize kuandika.