Machubwi yasiyo na risasi: nondo, tangsteni au jiwe?

Asalaam alaykum wapenzi watazamaji. Nipo Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, upepo unavuma kidogo, mtanistahamilia sauti. Mezani hapa nina machubwi matatu, yaani vizito vya kuzamishia mshipi wa kuvulia, na hakuna hata moja lenye risasi ndani yake, nakusudia yale madini, si risasi ya bunduki: moja la nondo, moja la madini ya tangsteni, moja la jiwe. Nakwambieni mapema, ninalolichagua ni la nondo. Lakini inabidi nijieleze, maana wazee wa hapa forodhani wananiambia chuma ni chepesi, mkondo wa kisiwa cha Tumbatu unakipeperusha.

Kwanza, kwa nini tuiache risasi? Kikazi haina ubaya. Ni nzito, ni laini, haikati nailoni, na inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo mtu anaweza kuiyeyusha uani kwa jiko la mkaa na kuimimina kwenye mchanga. Hapo ndipo roho inaponiuma. Wapo wanaopasua betri kuukuu za gari ili wapate risasi hiyo, na watoto wanacheza pale pale. Vumbi lake linabaki sakafuni, kwenye nguo, kwenye mikono inayokuja kumega ugali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Ikishaingia inajificha kwenye mifupa na meno. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, madhara hayo ya risasi yaliwafika kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani na nyumba zao. Halafu kuna yale machubwi madogo tunayoyabana kwenye uzi kwa meno! Jamani, hilo tuliache leo leo.

Haya, tuje kwenye bidhaa. Tazameni hili la nondo, nalisogeza kwenye kamera. Ni nondo laini ya milimita 16, ile isiyo na mikato ubavuni. Mita moja ya nondo hii ina uzito wa kilo 1.58. Kwa hiyo ukitaka gramu 200, unakata sentimita 12 na nusu hivi. Ila nakushauri ukate 13 na kidogo, upate gramu 210, na sababu ni hii: kitu chochote ukikizamisha, maji yanakipunguzia uzito. Risasi ya gramu 200 ndani ya maji ya chumvi inapoteza gramu 18, chuma kinapoteza 26. Tofauti ni gramu 8. Hicho ndicho "chepesi" chote tunachobishania! Unaongeza kipande kidogo cha nondo, mambo yamekwisha.

Sasa mkondo. Wazee wanasema chuma ni kinene kuliko risasi, kwa hiyo maji yanakisukuma zaidi. Kinene ni kweli. Lakini tupige hesabu pamoja. Umeteremsha mita 50 za mshipi wenye unene wa milimita 1. Mshipi huo peke yake unaupa mkondo sentimita za mraba 500 za kusukuma. Chubwi langu la nondo, hata likisimama ubavu, ni kama 21 tu. Anayekupeperusha ni mshipi wako, ndugu yangu, si chubwi! Ukibadilisha ukatia uzi wa milimita 0.7, unaondoa karibu theluthi ya msukumo huo, na hakuna chubwi la madini yoyote litakalokupa faida kama hiyo. Siku za bamvua, maji yanapokwenda kasi, utaongeza uzito, lakini hata mwenye risasi huwa anaongeza.

Na umbo hili refu lina sifa yake. Linashuka limesimama wima, kichwa chembamba mbele, kwa hiyo linafika chini upesi. Wawindaji wa Marekani nao wamekutana na jambo kama hili. Kule California, tangu Julai 1, 2019, hairuhusiwi kuwinda kwa risasi za bunduki zenye madini ya risasi, kwa hiyo wengi wanatumia za shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, basi ile ya uzito ule ule inatoka ndefu zaidi. Madini yakibadilika, umbo nalo libadilike. Anayechukua chuma akakifinyanga kwa umbo la chubwi la risasi anajinyima mwenyewe.

Kasoro za nondo zipo. Inashika kutu, na kutu ikikwaruza inakula nailoni. Mwambie fundi wa kuchomea apige grenda ncha zote ziwe duara, achomee pete juu, kisha mshipi ufunge kwenye pete. Ukirudi pwani lioshe kwa maji ya mfereji. Na kwenye mwamba, lifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi mkuu, likinasa ukatike huo tu, ndoana na samaki wako wapande.

Tangsteni nitaipitia haraka. Ni nzito mno, yapita risasi kwa mbali, na kijichubwi kama hiki kinazama bila ya kishindo. Lakini bei yake ni mara nyingi ya risasi, na ni ngumu, tundu lisiposuguliwa vizuri linakata uzi. Kwa mvuvi wa ngalawa anayepoteza machubwi kwenye matumbawe, sioni sababu.

Jiwe ni la bure, na ukilikosa baharini hulilii. Ila la gramu 200 linapoteza karibu 80 majini, na likiwa la matumbawe lenye vitundu ni zaidi. Kwa maji madogo, sawa. Kwa mkondo wa hapa, hapana.

Yamebaki yale madogo ya kubana. Uingereza ilipiga marufuku kuuza machubwi madogo ya risasi mwaka 1987, kwa sababu mabata maji makubwa yalikuwa yakiyameza na kufa, na wavuvi wao wakahamia kwenye madini ya bati, ambayo nayo ni laini. Madukani kwetu hayo ni adimu. Ukiyakosa, chukua nati ndogo ya chuma, pitisha uzi kwenye tundu, piga fundo. Kwa mtoto anayevua vichangu gatini inatosha kabisa.