Mills & Boon za mtumba: masheikh wametuchekesha, madaktari tumewakubali, simulizi za WhatsApp zimekula hela yangu

Kuna kaka anatandika vitabu chini pale Samora, Posta. Mwezi wa nne nilimkuta na boksi zima la Mills & Boon, zile riwaya za mapenzi za Kiingereza, ndogondogo, ambazo karatasi ishakuwa ya njano na zinanuka kabati la mtu, akaniambia dada beba zote elfu ishirini usinichagulie, kuhesabu ziko kumi na nne, nikajikuta nishatoa hela kabla akili haijanirudia. Mwezi huo sikununua mafuta ya nywele.

Sasa hivi nimezimaliza zote na zingine nimerudia, na kila nikimaliza moja inazunguka, kwa hiyo haya maoni sio yangu peke yangu. Yupo jirani yangu nesi. Yupo mama wa saluni ninapoenda kusuka, yeye Kiingereza anasema hakimpandi kwa hiyo mie namhadithia huku anasuka, na akinogewa anakuvuta nywele mpaka machozi. Yupo dogo wa bodaboda wa kijiweni kwetu ambaye ukimwita msomaji wa mapenzi mbele za watu anakana. Na yupo shangazi yangu Muscat, dada yake baba, namtumia voisi ndefu na yeye ananirudishia ndefu zaidi.

Kwa asiyevijua, Mills & Boon ni kampuni ya London ya tangu 1908, 1971 ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada, na toka 2014 wote wako kwa HarperCollins. Wanatoa kwa mafungu na fungu limeandikwa kwenye jalada, Modern ni za matajiri, Medical za hospitali, Historical za zamani, na mengine. Kurasa mia na themanini na kitu, unaanza Ijumaa jioni Jumamosi mchana umemaliza na ugali umeungua.

Kipimo changu mie ni kimoja tu, hawa wawili wanazuiwa na nini? Maana mwisho unajulikana, watapatana, hiyo ndo sheria ya hivi vitabu, mwandishi akiwaua au akiwaachanisha wasomaji wanamtoa roho. Utamu uko kwenye kizuizi. Kama kinachowazuia kingeisha kwa kupigiana simu moja ya dakika mbili basi hicho kitabu hakuna kitu, hata jalada liwe na bwana mzuri vipi.

Na kwa kipimo hicho Modern nyingi zinafeli. Kwenye boksi langu zilikuwa sita na zote mwanaume ni tajiri wa kutisha, Mgiriki au Mtaliano au Mhispania, ana ndege yake, ana kisiwa, ana hasira, na yule dada ni sekretari au kamlelea mtu mtoto. Kinachowatenganisha ni kwamba kamuona anaongea na mwanaume mwingine mlangoni, basi kanuna miaka mitano. Miaka mitano! Mwanaume kumbe alikuwa binamu yake. Niliirusha ile kitabu kitandani nikasema mshenzi wewe si ungeuliza. Alafu hawa Wagiriki mie wananipa shida nyingine, babu yangu alifanya kazi shamba la mkonge la Mgiriki kule kwetu Tanga, enzi hizo mashamba ya Wagiriki yalikuwa mengi, na Mgiriki wa babu kwa simulizi zake alikuwa mzee ana kitambi anahesabu misumari mmoja mmoja jioni watu wasimuibie. Kila nikisoma "akavua shati" namuona yule mzee wa misumari. Siwezi.

Ila kituko chenyewe ni masheikh.

Hili ni fungu ndani ya fungu, mwanaume ni mtoto wa mfalme wa jangwani, nchi yenyewe haipo kwenye ramani wamebuni tu, ana farasi, ana hema lenye mazulia na mito ya hariri, na jaladani kifua kiko wazi. Sasa wewe mtu wa pwani fikiria, kwetu sheikh ni yule mzee aliyekufundisha juzuu amma na bakora mkononi, leo unasoma "sheikh akamsogelea taratibu" unaanza kusema astaghfirullah bila kutaka. Hizi habari zilianza zamani, kuna riwaya ya Mwingereza mmoja mwanamke ya 1919 inaitwa The Sheik, 1921 ikawa filamu, na toka hapo Wazungu hawajatoka kwenye lile hema.

Nikamhadithia shangazi moja mwanzo mwisho. Kaishi Oman miaka zaidi ya thelathini, kazaa huko, kaozesha huko. Alicheka mpaka akakohoa, voisi ikakatika, akarudi na nyingine, nainukuu kama alivosema: "Mwanangu, huyo mtoto wa mfalme hana mama? Hana mashangazi? Yaani anaoa Jumanne msichana asiyejulikana kwao wapi na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeinuka kuuliza? Posa kapeleka nani? Walii nani? Halua imeliwa wapi?"

Na hapo shangazi kanifungua macho kabisa, maana kizuizi cha kweli si ndo hicho! Mwarabu wa ukoo mkubwa kumuoa mgeni, pale kuna mama anayelia, kuna binamu aliyekuwa anasubiriwa toka utotoni, kuna wazee wa kikao, kuna watu wa kuendewa miguuni na kuombwa radhi, hiyo ni riwaya ya kurasa mia nne na ingenikosesha usingizi. Mwandishi kaliacha hilo lote akaenda kutuwekea dhoruba ya mchanga. Dhoruba ya mchanga ndo inawalaza hema moja. Na kula hawali, kitabu kizima ni tende na kahawa, nchi gani hiyo ya Kiarabu hawali wali?

Mama wa saluni yeye anazipenda lakini, nisimsingizie. Anasema akitoka kusimama masaa kumi na mbili hataki kusikia habari za mama mkwe hata kwenye kitabu, anataka hema na mito. Haya.

Historical sasa, jamani. Hizi nilizinunua kwa sababu zilikuwa ndani ya boksi tu, nilijua zitanichosha, magauni na magari ya farasi, na ndo zimenishika kuliko zote. Nyingi ni za wakati wanaouita Regency, 1811 mpaka 1820, mfalme wao George wa Tatu kaugua akili na mwanawe ndo anashika nchi. Na vizuizi vya huko ni vizuizi kweli sio kununa. Msichana akionekana na mwanaume peke yao bustanini basi kaharibikiwa, sio yeye tu, wadogo zake wote hawataposwa. Akiolewa mali yake inakuwa ya mume, sheria yao ilikuja kubadilika vizuri 1882, nilivomwambia hivo mama wa saluni akaacha kusuka kabisa akasema yaani sisi mali ya mke ni ya mke toka enzi za Mtume na hao ndo walikuja kutustaarabisha? Na huko hela ya ndoa anatoa baba wa binti kumpa mwanaume! Hilo nililirudia mara mbili alidhani nimekosea kutafsiri.

Alafu kutoroshana. Uingereza ilikuwa na sheria ya toka 1753, chini ya miaka 21 huolewi bila ridhaa ya baba, ila Skotlandi sheria hiyo haifiki, kwa hiyo vijana wanapanda gari la farasi usiku wanakimbilia kijiji cha mpakani kinaitwa Gretna Green wanaoana pale, baba nyuma anawafukuza na farasi wake. Hiki kijiji kipo kweli sio cha kubuni kama nchi za masheikh. Mie na mama wa saluni tulikuwa tunasoma kama tunaangalia mpira, wakifika kituo cha kubadilisha farasi unaomba baba gurudumu lake livunjike.

Kasoro yake ni moja, kila mwanaume ni dyuki, huyo ni bwana mkubwa anayefuata baada ya ukoo wa mfalme. Madyuki wa kweli wakati ule walikuwa wa kuhesabika, ila vitabuni wamejaa kama bodaboda Mwenge, na wote vijana, wote wazuri, wote meno yapo. Meno yapo, 1815, haya tumekubali.

Medical nilimwachia nesi. Nilitegemea atazichana. Akarudisha baada ya siku nne macho mekundu, akasema kwanza hao watu wanatazamana machoni saa ngapi, wodini kwake usiku yuko yeye na mwenzake mmoja na wagonjwa mpaka chini, kumtazama daktari machoni labda anamdai sahihi. Pili hakuna ndugu wa mgonjwa, hospitali gani haina ndugu wa mgonjwa wenye mahotipoti wanabishana na mlinzi? Ila akasema, na hapa nikamuona kalainika, kwamba kuna moja yule nesi na daktari wanapendana na hawaonani kwa sababu zamu hazikutani, huyu anaingia huyu anatoka, mpaka wanaanza kuachiana vikaratasi kwenye dawati la wodi. Akasema hiyo ni ya kweli, yeye na mume wake mwaka wa kwanza wa ndoa walikuwa wanaachiana hotipoti. Hiyo kitabu hajanirudishia mpaka leo na sijauliza. Kwa kipimo changu zinapita, uchovu ni kizuizi tosha. Kumbe pia hizi za hospitali ndo zilizoifungulia kampuni soko, kitabu cha kwanza Harlequin walichochukua kwa Mills & Boon mwaka 1957 kilikuwa cha hospitali na kinaitwa The Hospital in Buwambo, jina kama unashuka basi Uganda.

Za mbwamwitu nitapita haraka. Hizi ni zile za kwenye simu, tangazo linakukuta umetulia, msichana kakataliwa na mwanaume ambaye ni mtu mchana na mbwamwitu usiku, unasoma kurasa kumi bure, alafu inakudai sarafu, unalipa, kurasa tatu, sarafu tena. Nilipiga hesabu nikaona kwa hela ile ningerudi Samora kubeba boksi lingine. Na kizuizi hakuna, mwezi umeshawachagulia mwenza, sasa wewe unabishana na mwezi? Dogo wa bodaboda akasema mbwamwitu ni utoto, kuna simulizi moja anaifuatilia ya jini mahaba, mwanamke kapendwa na jini na jini ana wivu, kila mchumba akija anapata ajali. Nikamuuliza wewe si husomi mapenzi? Akasema hiyo sio mapenzi hiyo ni ya kutisha. Aliisimulia nusu saa abiria anamsubiri.

Na ndo tunafika kwa simulizi zetu wenyewe, za WhatsApp. Hizi hazina mambo ya kununa wala kisiwa, hapa watu wanazuiwa na kodi ya miezi sita, na mama mkwe, na mtoto wa nje aliyejitokeza siku ya send-off, na jamaa ana digrii anauza chipsi na baba wa binti anataka mkwe mwenye ajira. Niliyoipenda kuliko zote ni ya dada muuza mihogo feri na kijana wa mizani ya samaki, mapenzi yao yote yanatokea saa kumi na moja alfajiri kwa sababu baada ya hapo kila mtu yuko bize, na Kiswahili chake unasikia kabisa sauti za watu. Hakuna Mzungu angeniandikia hiyo. Zipo na chombezo, hizo mnazijua, sina maoni, nimesoma tu.

Ila wauzaji wake, mnanitesa. Sehemu ya 1 mpaka ya 10 bure, arosto ikishakushika unaambiwa full ni elfu tatu lipia namba hii. Nikalipia ile ya mihogo, nikatumiwa mpaka ya 38, kijana kakamatwa kwa wizi ambao hajafanya, ITAENDELEA, wiki mbili kimya, kuuliza nikatolewa kwenye grupu. Elfu tatu yangu tuseme sadaka, lakini yule kijana bado yuko mahabusu kichwani kwangu toka mwezi wa sita. Na mhakiki maneno kabla ya kutuma jamani, kuna sehemu mhusika kabadilika jina mara tatu, ya tatu nikajua huyo ni mume wa mwandishi.

Yule kaka wa Samora nilirudi kwake pia nina kesi. Historical mojawapo, ile nzuri kuliko zote, ilikuwa haina kurasa za mwisho, zimechanwa kama kumi na sita. Nikamuonesha. Akaiangalia, akanirudishia, akasema dada si wanaoana tu.

Najua wanaoana! Mie nataka kujua deni la kamari la kaka yake binti lililipwa na nani, maana ndo lilikuwa linawazuia toka ukurasa wa ishirini, na baba aliapa hatoi hata senti. Jalada ni gauni la kijani, mwanamke amesimama dirishani mgongo kwetu, pembeni kuna mbwa mweupe. Mwenye nayo nzima naomba anipigie picha kuanzia ukurasa wa 173, mama wa saluni kaniambia bila hizo kurasa nisikanyage pale, na nywele zangu ndo hizi mnaziona.