Fundi wa saa pembeni ya soko Virunga, nilimupelekea Seiko 5 yangu
Goma hapa mawe ya volkano iko kila fasi, kitu ikianguka ni basi. Mi nilikuwa nashuka ku pikipiki Birere, kapini ka mukaba kakachomoka, saa ya marehemu baba ikapiga ku ile mawe nyeusi, kioo ikapasuka na mushale wa sekunde ukasimama. Nikawaza niiache tu ninunue ya Shina ya dola 5. Lakini ni ya baba bwana.

Yule muzee ana kameza kadogo tu. Akafungua nyuma, akaweka kale kakioo ku jicho, akasema mashini iko muzima, haitumiki na betri, inajijaza yenyewe ukitembeza mukono, ni kipande ya kioo ndiyo ilizuia mushale. Dola 12, siku 2. Zikakuwa 4, ati umeme ilikatika, sasa umeme na saa ya bila betri wapi na wapi?

Kioo mupya si safi kama ya zamani, na alinionya nisiiingize ku maji tena. Ila inatembea, na hakuongeza bei. Nyota 4.