Jimu ya Mwanjelwa inayowavusha mabondia kutoka ridhaa kwenda kulipwa: inafaa ada yake?

Programu hii inatolewa kwenye jimu moja jirani na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Ni ya wiki 12, kwa bondia wa ridhaa anayetaka kuingia ngumi za kulipwa. Ada ni Sh 50,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki: mbio saa 11 alfajiri, ukumbini saa 10 jioni. Kwa pesa hiyo inafaa, ila mambo mawili yanatakiwa kurekebishwa haraka, mabegi na mizani.

Kilichotangulia kutupendeza ni kwamba makocha wa pale hawaabudu medali. Wako sahihi. Vasyl Lomachenko wa Ukraine aliingia kulipwa akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki, Beijing 2008 na London 2012, na ushindi 396 wa ridhaa dhidi ya kipigo kimoja tu. Machi 2014, kwenye pambano lake la pili la kulipwa, akakutana na Orlando Salido, mkongwe wa Mexico aliyekuja akiwa amezidi uzito. Salido akamkumbatia, akamwegemea, akamtwanga mbavu na hata chini ya mkanda kwa raundi 12, akaondoka na ushindi wa pointi. Juni mwaka huohuo Lomachenko akamshinda Gary Russell Jr. na kubeba mkanda wa dunia wa WBO, moja ya mashirika makubwa ya ngumi za kulipwa. Ufundi alikuwa nao tangu mwanzo, kukumbatiwa ndiko kulikuwa kugeni kwake.

Njia ya kinyume nayo ilijaribiwa. Rio 2016 mabondia wa kulipwa waliruhusiwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hassan N'Dam wa Kameruni, aliyewahi kushika mkanda wa dunia, alitolewa kwenye pambano lake la kwanza tu. Dakika tisa za pambano la ridhaa hazimsubiri mtu anayechemka taratibu.

Kwa hiyo hesabu ya programu inaanzia hapo. Ridhaa ni raundi 3 za dakika 3. Pambano la kwanza la kulipwa huwa raundi 4, yaani dakika 12, na la mkanda wa dunia ni dakika 36. Wiki ya 1 hadi ya 3 bondia anapiga raundi 6 za begi na padi, yaani mito anayoshika kocha mikononi, wiki ya 4 hadi ya 8 anapanda hadi raundi 8, kisha wiki ya 9 na ya 10 anafanya 10, sita kati yake zikiwa za sparingi, yaani kupigana na mwenzake kimazoezi. Wiki mbili za mwisho anapunguza. Raundi mbili za mwanzo haruhusiwi kumwaga ngumi mfululizo, na hilo ndilo linalowatesa wengi. Bondia wa ridhaa akipoteza raundi moja amepoteza theluthi ya pambano, ndiyo maana mwili wake umezoea kutoka mbio kengele ikilia. Akienda hivyo kwenye raundi 8, raundi ya 5 inamkuta mikono imeshuka usawa wa kifua.

Zoezi bora kuliko yote ni la kuegemeana. Kocha anavaa kinga ya tumbo, anaweka paji la uso begani kwa bondia na kumlalia kwa uzito wake wote dakika nzima. Bondia hasukumi. Anabana viwiko, anachomoa mkono mmoja, anapiga konde fupi la mbavu lisilozidi urefu wa kiganja, kisha anapeleka mguu wa mbele nje na kugeuka. Akinyanyua kiwiko kabla ya kugeuka, kocha anamgusa ubavuni papo hapo. Zoezi hili wanalirudia mara 4 kwa wiki, na inaonekana.

Somo la glovu nalo limeshiba. Uzito wa glovu hupimwa kwa wakia: ridhaa huvaa wakia 10 au 12 kulingana na uzito wa bondia. Kulipwa ni wakia 8 hadi uzito wa welta, kilo 66.7, na wakia 10 kwa uzito unaozidi hapo. Sponji ikipungua, mkono mbovu unajionyesha. Kila bondia anafundishwa kujifunga mikono kwa bandeji na plasta, na kwamba plasta haipiti juu ya vifundo vya ngumi.

Na hapohapo ndipo mabegi yanapoharibu kazi. Yamejazwa mchanga, nao umeshuka wote chini. Sehemu ya juu inabonyea kama mto, ya chini ni jiwe. Bondia anayefundishwa kupiga mbavu analenga chini, ndiyo kusema anavunja viganja vyake mwenyewe. Dawa yake si ghali: mwaga mchanga wote, kata mitumba chakavu vipande vya kiganja, toa vifungo na zipu, jaza safu kwa safu ukishindilia kwa mti. Begi lenye nusu ya uzito wa bondia linatosha, kilo 35 kwa mtu wa kilo 70.

Mizani ni ya bafuni, iko juu ya sakafu yenye mawimbi. Isogeze hatua moja, namba inabadilika. Ridhaa hupimwa asubuhi ya siku ya pambano, kulipwa hupimwa siku moja kabla, na hiyo siku moja ya kurudisha uzito ndiyo inayowashawishi vijana kukata kilo nyingi kupita kiasi. Baridi ya Mbeya haitoi jasho haraka, basi wanajifunga nailoni na kupandisha mlima. Hatari tupu, na kocha anatakiwa kulikataza hadharani.

Daktari hayumo kabisa kwenye programu. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Seoul 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano la kulipwa Las Vegas. Jimu inayotaka kuwapeleka watu kwenye raundi 10 haiwezi kuliacha hili mkononi mwa bondia mwenyewe.

Mwinuko wa mji, mita 1,700 hivi, unasaidia pumzi, lakini mapambano mengi yako Dar es Salaam na joto lake. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea. Programu inampeleka bondia siku mbili kabla, akiwa na uchovu wa basi juu yake. Anayejiunga aombe mapema wiki ya 12 aimalizie Dar, na awe na mahali pa kulala.